Asiyekuwepo na lake halipo: chanjo na misaada ya UVIKO-19 katika jimbo la West Virginia

Ndugu mwenyekiti, waratibu wa chanjo wa wilaya, wafamasia, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Mada ya leo ni jinsi serikali ya jimbo ilivyogawa chanjo na misaada wakati wa UVIKO-19. Marekani ina majimbo 50 na kila moja lilikwenda kivyake, kwa hiyo tukitaka kuyasema yote tutatoka hapa na maneno matupu. Tukae West Virginia peke yake.

Ni jimbo la milima. Lina watu wapatao milioni 1.8 katika kaunti 55. Uchumi wake ulisimama juu ya makaa ya mawe, vijana wengi wamehama, na kwa wingi wa wazee ni majimbo machache sana yanayolizidi. Mgonjwa wake wa kwanza alitangazwa tarehe 17 Machi 2020, na lilikuwa la mwisho kati ya majimbo yote 50. Januari 2021 magazeti ya Marekani yalikuwa yanauliza limewezaje kutangulia wenzake katika kuchanja. Septemba mwaka huohuo lilikuwa miongoni mwa majimbo yenye maambukizi mengi zaidi kwa idadi ya watu, na kwa uchanjaji majimbo mengi yalikuwa yameshalipita. Mambo hayo mawili yana jibu moja, nalo ni daftari la majina: nani yumo, nani hayumo, na daftari liko mkononi mwa nani.

Tuanze na makao ya wazee, maana ndiko jimbo lilikopata sifa. Serikali kuu ilikuwa imeingia mkataba na kampuni mbili kubwa za maduka ya dawa, CVS na Walgreens, zichanje katika makao ya wazee nchini kote. Kila makao yangetembelewa mara tatu: dozi ya kwanza, dozi ya pili, na mara moja zaidi kwa waliokosa. Majimbo 49 yalikubali. West Virginia ilikataa, na sababu yake haikuwa siasa bali hesabu. Kule milimani kaunti nyingi hazina tawi la kampuni hizo. Zina duka la dawa la mtu binafsi, na duka hilohilo ndilo linalopeleka dawa za presha na kisukari kwenye makao ya wazee ya jirani kila mwezi, miaka nenda rudi.

Angalieni mfamasia wa namna hiyo anaanza kazi akiwa na nini mkononi. Ana jina la kila mkazi, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya bima, dawa anazotumia na vitu vinavyomletea mzio. Anamjua muuguzi mkuu wa pale na namba yake ya simu anayo. Kampuni inayotoka mbali ingelazimika kukusanya yote hayo upya, makao kwa makao, halafu ipange ziara na watu wasiowajua. Jimbo likachukua makao 214, likayagawa kwa maduka ya dawa yapatayo 250, kila makao na mfamasia wake, kabla chanjo haijafika.

Idhini nazo zilikusanywa mapema, na hapa niwaombe mshike kalamu. Mkazi mwenye akili timamu hutoa idhini yake kwa dakika mbili. Mwenye ugonjwa wa kusahau anahitaji mtoto wake au msimamizi wake kisheria, na huyo mtoto huenda anafanya kazi ya zamu katika jimbo jingine, simu haishiki mchana. Kumpata huchukua siku tatu, pengine wiki. Ukianza kumtafuta siku chanjo imeshatolewa kwenye friza, umechelewa, kwa sababu saa ya kichupa imeshaanza kuhesabu.

Chanjo za kwanza za Pfizer zilifika tarehe 14 Desemba 2020. Kufikia tarehe 30 mwezi huohuo, mkazi na mfanyakazi wa makao ya wazee aliyekuwa tayari kuchanjwa alikuwa amefikiwa na dozi ya kwanza. Mpango wa serikali kuu, kwa majimbo yaliyouchagua, ulikuwa ndio kwanza unaanza ziara zake.

Sasa tuje kwenye baridi, maana bila mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye baridi yake njia nzima hadi kwa mchanjwaji, daftari zuri halina kazi. Pfizer ya wakati ule ilitunzwa kati ya nyuzi 80 na 60 chini ya sifuri. Trei moja ilikuwa na vichupa 195, vikihesabiwa dozi tano kila kimoja, yaani dozi 975. Sanduku lake la kusafirishia lilijazwa barafu kavu, na maelekezo yalikuwa lisifunguliwe zaidi ya mara mbili kwa siku, na kila mara lisizidi dakika tatu. Duka la dawa la kijijini halina friza ya baridi hiyo wala halina watu 975 wa kuwachanja siku moja. Kwa hiyo trei zilifikia kwenye vituo vichache vyenye friza, zikapasuliwa huko, na Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha jimbo, wanajeshi ambao kwa kawaida huitwa wakati wa mafuriko, kikavisafirisha vichupa kwa idadi ya watu walioandikishwa.

Kichupa kikishaingia jokofu la nyuzi 2 hadi 8 kilikuwa na siku tano tu, saa 120, na muda wa njiani umo humohumo. Miezi mitano baadaye, Mei 2021, muda huo uliongezwa hadi mwezi mmoja, lakini Desemba hakuna aliyekuwa na nafasi hiyo. Ukifika, kichupa kilipindua-pinduliwa polepole mara 10 bila kutikiswa, kikachanganywa na mililita 1.8 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kikapinduliwa tena mara 10, na kuanzia hapo ulikuwa na saa sita. Dozi ilikuwa mililita 0.3. Ndiyo maana mfamasia alichanganyia palepale kwenye makao, wala si dukani: barabara ya milimani yenye theluji ikikushika saa mbili, umepoteza theluthi ya muda wako.

Tupige hesabu ya makao ya kawaida. Wakazi 60, wafanyakazi 70, jumla watu 130. Kwa dozi tano kwa kichupa unahitaji vichupa 26. Lakini wafamasia waligundua mara moja kwamba kwa bomba la sindano lisilobakiza dawa kwenye shingo yake, kichupa hutoa dozi ya sita. Sasa vichupa 22 vinatosha na dozi mbili zinabaki. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadili maandishi ya Pfizer kuwa dozi sita Januari 2021. Kabla ya hapo jimbo lilikuwa limepokea dozi fulani kwenye karatasi na kuchanja watu wengi kuliko hizo, ndiyo maana takwimu zake za dozi ya kwanza zilivuka asilimia 100 na wengine wakadhani ni uongo. Haukuwa uongo, ni bomba la sindano. Ukipewa mabomba ya kawaida badala ya yale, dozi ya sita inabaki kwenye plastiki, na huruhusiwi kuchanganya mabaki ya vichupa viwili kupata dozi moja.

Kuna jambo moja lililosaidia kuthubutu kumaliza akiba yote: dozi za pili ziliwekwa kando na serikali kuu na kutumwa baadaye zenyewe. Aliyeweka nusu ya mgao kabatini “kwa ajili ya wiki ya tatu” aliwanyima watu dozi ambayo tayari ilikuwa na mbadala wake. Hapo kuna majimbo yaliyopoteza wiki nzima.

Wafanyakazi wa makao hawakuchanjwa wote siku moja. Siku ya pili baada ya sindano, hasa ile dozi ya pili, mtu anaweza kuamka na homa na mwili kuuma. Ukiwachanja wauguzi wote Jumatatu, Jumanne nani atawageuza wazee kitandani? Gawanya zamu. Na panga viti vya kukaa: dakika 15 kwa kila mtu baada ya sindano, 30 kwa mwenye historia ya mzio mkali, adrenalini ikiwa mezani, isiwe imefungiwa kabatini.

Lakini ni kwa wafanyakazi hao ambako dalili ya matatizo ya mbele ilionekana, ingawa ilichukua muda watu kuisoma. Takwimu za mwezi wa kwanza wa ule mpango wa kampuni mbili, ambao West Virginia haikuwemo, zilionyesha kwamba katika makao ya kati, yaani yale ambayo nusu ya mengine yako juu yake na nusu chini, wakazi asilimia 77.8 walikubali dozi ya kwanza. Wafanyakazi walikuwa asilimia 37.5. Majina yao yalikuwemo, chanjo ilikuwa mbele yao, hawakutembea hata hatua kumi, na wengi walisema bado. Daftari lilimleta mtu mpaka kwenye kiti, likaishia hapo.

Niseme pia kosa lililotokea, kwa sababu linaweza kutokea kwa yeyote kati yetu. Siku ileile ya tarehe 30 Desemba, katika kliniki moja ya kaunti ya Boone, watu 42 waliokuja kwa chanjo ya Moderna walidungwa dawa ya kingamwili ya Regeneron. Dawa ile ilikuwa ya kumtibu aliyeambukizwa na ilitolewa kwa dripu. Hakuna aliyeripotiwa kudhurika, nao wakarudishwa kwenye foleni ya chanjo halisi. Zote mbili ni vichupa vidogo vya kioo, zote hukaa jokofuni kwa nyuzi 2 hadi 8, zote ni za ugonjwa mmoja, zote zilikuwa mpya na hakuna aliyezizoea machoni. Kinga yake haina ufundi mkubwa. Tenga rafu, na ikiwezekana jokofu. Soma lebo kwa sauti unapotoa, unapovuta kwenye bomba, na unapoandika namba ya toleo kwenye kadi. Namba ya toleo isiandikwe asubuhi kwenye kadi zote 100 ili kuokoa muda, kama tunavyopenda kufanya. Ikiandikwa baada ya kusoma kichupa chenyewe, kosa linakamatwa kwa mtu wa kwanza, si kwa wa 42.

Nje ya makao mambo yalikuwa tofauti. Wazee wa miaka 80 na zaidi wanaoishi majumbani walipofunguliwa mlango, hapakuwa na daftari. Palikuwa na tangazo. Simu za ofisi za afya za kaunti zikazidiwa, magari yakapanga foleni kwenye baridi, na aliyepata chanjo mara nyingi alikuwa yule mwenye mjukuu mjuzi wa intaneti. Mwishoni mwa Januari 2021 jimbo likaanzisha mfumo mmoja wa kujiandikisha kwa mtandao au kwa simu, likitumia programu ya Everbridge, ambayo kazi yake ya asili ni kutuma taarifa za dharura. Unaandika jina, umri na kaunti, unasubiri ujumbe wa kukuita. Faida yake ni kwamba jioni, vichupa vikibaki na dozi tatu, una watu wa kuwapigia walio karibu. Hasara mnaiona wenyewe: mfumo huo unamjua aliyejiandikisha. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tarehe 22 Machi mlango ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea, mapema kuliko karibu majimbo yote. Foleni ikaisha baada ya wiki chache.

Kabla sijaifuata chanjo hadi huko, nigeukie misaada, kwa sababu fedha nazo zilipita njia hizohizo. Sheria ya dharura ya Machi 2020 iliipa West Virginia dola bilioni 1.25, kiwango cha chini kabisa kilichowekwa kwa jimbo dogo. Fedha zikiwepo, swali linalobaki ni zifike vipi.

Msaada uliokuwa na daftari ulifika. Watoto waliokuwa wakila bure shuleni walikuwa na majina yao shuleni. Shule zilipofungwa, thamani ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, dola 5.70 kwa siku kwa kila mtoto, iliwekwa kwenye kadi ya kununulia chakula kwa ajili ya familia. Kinachokwamisha mpango wa namna hii huwa ni anwani tu: familia imehamia kwa bibi, kadi imekwenda nyumba ya zamani. Kwa masomo ya mbali, jimbo lilifunga intaneti ya wazi kwenye shule, maktaba na hifadhi zake, zaidi ya vituo 1,000, kwa takriban dola milioni 6. Mtoto alikaa kwenye gari la mzazi nje ya maktaba akafanya kazi yake. Si mwujiza huo, lakini hakuna fomu ya kujaza.

Mafao ya ukosefu wa ajira yalisimama katikati. Aliyeajiriwa alikuwa na rekodi, maana mwajiri hupeleka taarifa za mishahara serikalini kila robo mwaka. Alilipwa fao lake pamoja na nyongeza ya dola 600 kwa wiki hadi mwisho wa Julai 2020. Fundi, dereva wa kujitegemea, mama wa saluni, hao waliingizwa kwenye mpango mpya wa watu wasio na mwajiri, na hapo mtu anatakiwa athibitishe kipato ambacho hakuna mwingine aliyekiandika. Leseni ya biashara, taarifa ya benki, ritani ya kodi: chochote. Wenye haki walichelewa humo, na wezi wa majina ya watu wakapitia humohumo, maana mlango usio na daftari humchanganya mwenye nyumba na mgeni. Gavana Jim Justice aliyafunga mafao ya nyongeza ya serikali kuu tarehe 19 Juni 2021, kabla ya muda wake wa Septemba, akisema watu warudi kazini. Kama uamuzi huo uliwarudisha, wachumi wanaendelea kubishana. Mimi naona fundi ambaye malipo yake yalichelewa miezi hakuwa ameyafaidi kiasi cha kuyategea.

Kodi ya pango ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Kwa sheria ya Desemba 2020 kila jimbo dogo lilipewa dola milioni 200, na West Virginia ilifungua dirisha la maombi Machi 2021. Mpangaji alihitaji kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake, athari ya UVIKO-19, na hatari ya kupoteza nyumba. Sasa fikirieni mtu aliyepanga nyumba ya tairi, yaani trela la kuishi, kwa mjomba wake, hakuna mkataba, kodi analipa taslimu. Mkataba wa nini, wakati ni mjomba? Fomu inataka sahihi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hataki jina lake lionekane na mamlaka ya kodi. Serikali kuu ilikuja kulegeza, ikaruhusu tamko la mwombaji mwenyewe na malipo ya moja kwa moja kwa mpangaji pale mwenye nyumba anapogoma. Kati ya kulegeza na mtu wa kaunti ya mwisho kupata habari kwamba kumelegezwa, kuna mfanyakazi mmoja wa ofisi ya kijamii anayejibu simu 40 kwa siku.

Turudi kwenye chanjo. Aprili 2021 mabomba yapo, vichupa vipo, wafamasia wapo, viti havina watu. Tarehe 13 hadi 23 mwezi huo chanjo ya Johnson & Johnson ilisimamishwa nchini kote kuchunguza damu kuganda kwa nadra. Hiyo ilikuwa chanjo ya dozi moja, ya jokofu la kawaida, ileile iliyofika kwetu Tanzania Julai 2021 dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Kwa mtu asiye na makazi, au mkata magogo asiyeahidi kurudi siku ya 28, hakukuwa na nyingine ya kumfaa kama hiyo.

Jimbo likajaribu fedha. Mwishoni mwa Aprili gavana alitangaza hati fungani ya akiba ya dola 100 kwa kila kijana wa miaka 16 hadi 35 aliyechanjwa. Hati fungani huchukua miaka kukomaa. Huwezi kumvuta kijana wa miaka 19 kwa kitu kama hicho, na utaratibu wake wa kuitoa ulikuwa mzito kiasi kwamba jimbo lilibidi litafute njia nyingine ya kulipa. Kisha Juni ikaja bahati nasibu iliyopewa jina la Babydog, mbwa wa gavana: mamilioni ya dola, magari ya kubebea mizigo, ufadhili wa masomo, bunduki za kuwindia, leseni za uvuvi za maisha. Tuiweke bunduki kando, kila mahali na mambo yake. Tazameni utaratibu. Ili uingie kwenye droo, hata kama ulichanjwa Januari, ulitakiwa ujiandikishe upya. Walioingia kwa wingi walikuwa wale ambao tayari huchungulia tovuti za serikali.

Kazi iliyozaa matunda ilikuwa ndogo na ya polepole. Mfamasia anamwuliza mteja aliyefuata dawa ya presha: “Hujachanja bado, kwa nini?” Kisha ananyamaza, anasikiliza. Kwa mazungumzo hayo kuna tatizo moja la kiufundi ambalo ni lazima mlijue. Moderna ilikuja kichupa cha dozi 10 au zaidi, na kikishatobolewa saa zinahesabika. Mteja mmoja amekubali saa tisa alasiri. Utobole na umwage dozi tisa? Januari kumwaga dozi moja ilikuwa aibu ya kutangazwa gazetini, na wafamasia walishalelewa hivyo, kwa hiyo wengi walimwambia mteja arudi Ijumaa watakapofika kumi. Ijumaa hakurudi. Majira yale ya kuchipua mamlaka za afya za serikali kuu ziligeuza maelekezo: fungua kichupa kwa mtu mmoja, mengine yamwagike. Maelekezo hayo yafike kwa maandishi kabla hamu haijapoa, na fomu ya upotevu isimfanye mhudumu ajisikie mwizi.

Agosti 2021, kirusi cha Delta kikipanda, jimbo lilirudi kwa wakazi wa makao ya wazee waliokamilisha chanjo, likawapima damu kuona kingamwili zimebaki kiasi gani, likiwaandaa kwa dozi ya kuongeza nguvu. Waliokwenda kuwachanja msimu uliofuata walikuta namba ya muuguzi mkuu ileile. Vijana wa kaunti hizohizo walikuwa bado hawamo kwenye daftari la mtu.

Nikaribishe maswali. Wa mnyororo baridi waanze, maana wana basi la saa nane.